STAA, TUONYESHE NA NGAZI

Mwezi huu naomba nianze na kesi ya nyumbani kwangu. Najua kwenye kurasa hizi umezoea kuwakuta mastaa wamependeza, wanaelezea walivyotoka kimaisha, na mimi mhariri nimekaa nyuma ya pazia. Leo pazia nalifungua mwenyewe, maana kuna kosa nililifanya ofisini na likanifuata mpaka sebuleni.

Ilikuwa Jumapili jioni. Mimi na mume wangu tunaishi na mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka 21, wakati huo akiwa mwaka wa pili chuoni, anasomea uhasibu. Dada akanipigia simu kutoka Morogoro, sauti imemkauka. Chuo kimemjulisha kwamba ada ya mtoto haijalipwa. Nikamwambia haiwezekani, pesa tulimkabidhi kijana mkononi, nusu umetoa wewe, nusu tumetoa sisi. Akanyamaza. Dada yangu ni mwalimu wa shule ya msingi, na nusu yake ile alikuwa ameikopa.

Tukamwita kijana. Wala hakukataa. Miezi mitano hajaingia darasani. Ada imeishia studio: nyimbo mbili na video moja. Mume wangu alipoanza kupandisha sauti, kijana akaingia chumbani kwake, akatoka na gazeti letu. Ndiyo, hili hili. Akaliweka mezani limefunguliwa kwenye mahojiano niliyoyaandika mimi mwenyewe mwaka mmoja nyuma. Sentensi moja kaipigia mstari kwa kalamu nyekundu, ile inayosema kwamba msanii aliacha chuo, akaufuata muziki, na leo anamshukuru Mungu.

"Mamdogo," akaniambia taratibu, bila hata dharau, "si wewe mwenyewe uliandika?"

Nilikosa jibu. Mume wangu akanitazama, kijana akanitazama, na mimi nikalitazama jina langu pale juu ya ukurasa.

Nilichokikata

Usiku ule usingizi haukuja. Nikafungua kompyuta na kuyasikiliza upya mahojiano yale, saa nzima na dakika zake. Yule msanii, ambaye jina lake nalihifadhi kwa sababu hana kosa lolote, alikuwa ameniambia kila kitu. Ni kweli aliacha chuo, lakini aliacha kwa sababu baba yake alifariki na ada ikakosekana. Baada ya hapo ilipita miaka minane kabla redio hazijaanza kuupiga wimbo wake. Miaka minane! Alilala kwa shangazi yake, akauza vocha za simu, akajifunza ufundi wa umeme kwa fundi wa mtaani, na ni huo ufundi uliomlipia studio. Tena mwishoni akasema kwamba kama angepata mtu wa kumlipia ada, angemaliza chuo kwanza.

Yote hayo niliyakata. Kwa nini? Picha zilikuwa kali, kurasa zilikuwa mbili tu, na mimi nikaona habari ya vocha na kulala kwa shangazi inapunguza mzuka. Nikabakiza mwanzo na mwisho. Ngazi zote nikazing'oa, nikamwacha mtoto wa watu amesimama ghorofani kana kwamba alipaa.

Sasa kijana wetu alipoliona lile ghorofa, na hakuona ngazi, akaruka.

Siku moja na miaka tisa

Tunapenda sana kusema msanii ni kioo cha jamii. Tatizo ni kwamba sisi tunaokishika hicho kioo, yaani magazeti, redio, televisheni na siku hizi Instagram, tunakielekeza kwenye siku ya kupokea tuzo tu.

Mchukue Mbwana Samatta. Januari 2020 aliposajiliwa na Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Ile siku kila kijana wa mtaani kwetu anaikumbuka. Lakini hebu hesabu kilichotangulia. Alitoka African Lyon akaenda Simba. Mwaka 2011 akahamia TP Mazembe, Lubumbashi, akakaa huko karibu miaka mitano. Mwaka 2015 akatwaa nao Ligi ya Mabingwa Afrika, na akapata tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Januari 2016 ndipo akaenda Genk ya Ubelgiji, akasota huko miaka minne, na msimu wa 2018/19 wakachukua ubingwa wa nchi. Jumlisha mwenyewe: tangu aondoke Simba mpaka kufika Uingereza ni karibu miaka tisa. Kijana anayeijua siku moja tu ya Januari atasema Samatta ana bahati. Anayeijua ile miaka tisa atakwenda mazoezini kesho asubuhi.

Au mchukue Professor Jay. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati wazazi wengi bado wanauita muziki wa kizazi kipya uhuni, alitoa "Ndio Mzee", wimbo uliomchekesha kila mtu huku ukimsema mwanasiasa anayeahidi mbingu na nchi. Vijana waliokuwa hawajawahi kukaa kwenye mkutano wa hadhara wakaanza kujadili siasa vijiweni. Mwaka 2015 yeye mwenyewe akagombea ubunge wa Mikumi na kushinda, akalitumikia jimbo mpaka 2020. Mwaka 2022 akaugua vibaya na kulazwa muda mrefu Muhimbili, nchi nzima ikimwombea. Alipopona hakurudi kutuimbia tu kwamba Mungu ni mwema. Alianzisha taasisi ya kusaidia wagonjwa wa figo, akawa anaelezea hadharani alichopitia. Staa anayesema "niliumwa nikakaribia kufa" anawafundisha vijana kitu ambacho picha ya gari jipya haiwezi kuwafundisha.

Baada ya taji

Na wadada je? Wenzangu tuliokuwa vijana miaka ile mtakumbuka mashindano ya urembo yalivyokuwa na maneno. Mama yangu alikuwa akiyaona kwenye televisheni anabadilisha chaneli. Angejua yangezaa nini, asingeshika rimoti.

Faraja Kotta alikuwa Miss Tanzania 2004. Leo wanafunzi wengi wanamfahamu kama Faraja Nyalandu, mwanzilishi wa Shule Direct, iliyoanza mwaka 2013 na kuwapatia wanafunzi wa sekondari masomo ya mtaala kupitia intaneti na simu. Angeweza kuzunguka mashuleni akiwaambia watoto "mnaweza, mnaweza", akapigiwa makofi na kuondoka. Yeye aliona bora awawekee notisi za kusoma.

Nancy Sumari, Miss Tanzania 2005, mwaka huo huo alitwaa na taji la Miss World Afrika. Baadaye akaandika kitabu cha watoto, "Nyota Yako", kinachowasimulia juu ya wanawake wa Kitanzania waliofanya makubwa, na akaingia kwenye kazi ya kuwafundisha watoto mambo ya kompyuta. Jokate Mwegelo aliyeshiriki Miss Tanzania 2006 alipoteuliwa kuwa mkuu wa wilaya ya Kisarawe mwaka 2018, jina lake alilitumia kuchangisha kwa ajili ya elimu kwenye kampeni ya Tokomeza Zero, na shule ya sekondari ya wasichana ikajengwa.

Na Flaviana Matata. Mwaka 1996, akiwa mtoto mdogo, alimpoteza mama yake kwenye ajali ya MV Bukoba. Mwaka 2007 akaiwakilisha Tanzania kwenye Miss Universe akiwa amenyoa kipara, wakati ambapo sisi wengine tulidhani mrembo lazima awe na nywele mgongoni. Akaingia kumi bora. Mwaka 2011 akaanzisha taasisi yake inayosomesha wasichana. Msichana aliyefiwa na mama akimwangalia Flaviana haoni uzuri peke yake. Anaona mtu aliyekuwa pale alipo yeye, na anaona ada ya shule.

Hawa wote nimewataja kwa sababu moja. Maneno matamu ya jukwaani kila staa anayo, na mimi kazi yangu ni kuyachapa. Lakini hawa walipomaliza kuongea waliacha kitu ambacho kijana anaweza kukishika: kitabu, notisi, darasa, taasisi ya kugonga mlango. Kijana akikosa pa kushika, anabaki na ile hamasa peke yake, na hamasa peke yake ndiyo iliyokwenda studio na ada ya dada yangu.

Kijana wako, kijana wetu

Turudi nyumbani. Wiki ile ilikuwa ngumu. Mume wangu alianza kusema "kijana wako" badala ya "kijana wetu", na walioolewa mnaelewa hilo neno linavyouma. Mimi nikamjibu kwamba angekuwa anakaa naye hata nusu saa kwa wiki, miezi mitano isingepita bila sisi kujua. Siku mbili tukala bila kuongea.

Siku ya tatu akaja jikoni, akachukua kisu akaanza kunisaidia kumenya viazi. Akasema, "Mke wangu, mimi nimekasirika kwa sababu kile alichokifanya nilitamani kukifanya nikiwa na umri wake, nikaogopa." Miaka tisa ya ndoa, ndo kwanza naambiwa kwamba mume wangu alikuwa anachana mistari! Tulicheka, kisha tukaongea ya maana. Tukakubaliana hatutamwambia kijana kwamba muziki ni uhuni. Mimi ninayelipwa mshahara kwa kuandika habari za wasanii ningemwambiaje hivyo? Tutamwambia ukweli wote, na ule niliokuwa nimeukata.

Nikampigia simu yule msanii. Nilipomweleza akacheka kwanza, kisha akawa kimya kidogo. "Dada," akasema, "nilishangaa uliponitoa mle na vocha zangu. Mpe simu huyo dogo."

Kijana akaenda nayo kibarazani. Waliongea dakika arobaini. Kilichosemwa mpaka leo hajatuambia, na hatujamuuliza. Aliporudi alinipa simu yangu, akaenda kumpigia mama yake kwa simu yake mwenyewe, na nikasikia anaomba msamaha huku analia kama mtoto wa darasa la pili.

Alibahatika hakudisko, ila mwaka ilibidi aurudie. Ada tunailipa kwa mafungu, na mkopo wa dada nao tunausaidia kidogo kidogo. Jumamosi anakwenda studio kwa pesa anayoipata kwa kuwatengenezea watu wa mtaani hesabu za maduka yao. Nyimbo zake? Moja naipenda, nyingine hapana, na nimemwambia. Atatoka au hatatoka, hakuna anayejua. Ila safari hii anapanda na miguu yake ngazini.

Kama una kijana nyumbani

Wengi wenu mnaosoma hapa ni kama sisi. Mnafanya kazi, mmeoana au mnajipanga, na kuna mdogo wako au mtoto wa dada amelala chumba cha pili na simu usoni. Msimkataze kuwa na staa wake. Mtafuteni kwanza, mkae wote watatu, mumuulize haya:

1. Staa wako alianza mwaka gani, na alijulikana mwaka gani? Katikati hapo alikuwa anakula nini?

2. Nani alimlipia? Kila aliyefika juu ana shangazi, kaka, mwalimu au fundi aliyembeba. Wewe wako ni nani, na umemwambia ukweli?

3. Zaidi ya maneno, ameacha nini ambacho wewe unaweza kukitumia wiki hii?

4. Ikikataa, una mkono gani wa pili? Mwenzako alikuwa na ufundi umeme.

Na ninyi wenyewe muulizaneni swali la tano mkiwa chumbani: wewe mwenzangu, ni ndoto gani uliiacha njiani? Jibu linaweza kuwasaidia kumwelewa kijana kuliko kumfokea.

Kwa upande wetu hapa ofisini, nimeweka utaratibu. Kila staa atakayekaa jaladani, pembeni ya mahojiano yake patakuwa na kiboksi kidogo cha miaka: alipoanza, alipolala, aliyemlipia, alichoshindwa. Mpiga picha wetu analalamika kwamba kinakula nafasi ya picha. Nimemwambia picha itapungua kidogo, na hakuna atakayelia.

Lile gazeti lenye mstari mwekundu ninalo mezani ninapoandika hapa. Kijana alitaka kulitupa, nikamwomba aniachie. Kila ninapotaka kukata miaka ya mtu, nalitazama kwanza.