Mtoto wa kareri, kwenu ni wapi?

"Papa, kwetu ni wapi?" Mtoto aliyezaliwa kwenye machimbo, siku moja atauliza hivi. Baba anajibu mbio: "Kwetu ni Butembo." Lakini Butembo hana nyumba wala shamba, na mtoto hajafika kule hata mara moja. Je, wazazi, huyo amejibiwa?

Safari ya kufuata dhahabu haikuanza jana. Kampuni ya Minière des Grands Lacs, iliyoundwa mwaka 1923, ilichimba huko Mangurejipa, katika msitu wa Bapere, magharibi ya Butembo. Halafu mwaka 1982 serikali ya Zaire iliruhusu raia kuchimba na kuuza dhahabu wao wenyewe. Vijana wakatelemuka kutoka milima ya Lubero. Wengi walisema: "Nitakaa miezi mitatu tu." Miezi ikawa miaka. Wakaoa, wakazaa, na mama akafungua kibanda cha bugali na sombe karibu na mashimo.

Shida ni kwamba kareri inahama. Dhahabu ikiisha, watu wanakunja maturubai na kwenda kwingine. Pale wanapofika hakuna kaburi la babu, hakuna jirani aliyemjua bibi. Kwa Wanande, jina la kuzaliwa linasaidia kidogo: Paluku ni wa kwanza, Kambale wa pili, Kasereka wa tatu. Lakini jina hilo halisemi babu alitoka kilima gani, na akina Kambale ni wengi sana!

Vita imeongeza shida. Mauaji yaliyoanza upande wa Beni mwaka 2014 yalifika hata Bapere. Mtu anayekimbia usiku anabeba watoto, karatasi zinabaki. Na muzee anayejua ukoo akifa, amekwenda nao.

Tufanye nini basi?

Kwanza, andikisha mtoto kwa serikali. Sheria ya familia, iliyorekebishwa mwaka 2016, inatoa siku 90 tangu kuzaliwa. Usiseme, "Nitaenda shimo likitoa."

Pili, weka karatasi hiyo na kadi ya ubatizo pamoja, ndani ya plastiki, mahali ambapo kila mkubwa wa nyumba anapajua.

Tatu, nunua daftari. Andika jina la babu na la bibi, kilima chao, na nani wa kwanza kushuka msituni. Mama aandike pia upande wake. Mara nyingi ni yeye anayekumbuka nani alizaliwa kareri gani.

Nanyi vijana, mkipanda Butembo kuuza au kusalimia, musirudi na nguo mpya tu. Keti kwa muzee, umuulize: "Mbele ya kareri, tulikuwa tunalima wapi?"

Maswali ya kuzungumza nyumbani:
1. Nani katika jamaa yetu alitangulia kwenda machimboni? Aliacha nini nyuma?
2. Karatasi za watoto wetu ziko wapi leo?
3. Tukihama kesho, mtoto wetu atajibu nini akiulizwa kwao?