Kabla Hujapakua Programu Nyingine ya Biashara, Fungua Daftari Kwanza

Kila wiki kuna mtu ananiuliza inbox, "Dada, unatumia programu gani hapo dukani?" Nikimjibu naanza na daftari, anaona kama nambania siri. Sibanii. Vitu vya kidijitali ninavyotumia ni vinne tu, na kila kimoja kiliingia baada ya daftari kunionyesha hela inavujia wapi. Kile nilichoingiza kwa sababu kila mtu alikuwa nacho, hicho ndicho kilinitoa machozi.

Mimi nauza mashuka na mapazia Kihonda, Morogoro. Shule niliishia kidato cha nne. Nilianza na shuka sita nilizonunua Kariakoo kwa hela ya kijumbe. Sasa nina fremu ndogo, lakini nusu ya mauzo yangu yanatoka kwenye simu. Mizigo naipeleka stendi ya Msamvu, inapanda basi kwenda Dodoma, Iringa, mpaka Mbeya.

Mwaka 2022 rafiki yangu alinionyesha programu ya kutunza mauzo na madeni. Ya bure, rangi nzuri, inakuchorea mpaka mstari wa faida unavyopanda. Nilikesha siku mbili nahamisha madeni yote kutoka kwenye kaunta buku. Nilivyomaliza nikaona daftari halina kazi tena, nikampa mdogo wangu achane kurasa za kufanyia hesabu za shule. Hapo ndipo nilipokosea, ila nilikuja kujua baadaye.

Miezi saba mambo yalienda safi. Siku moja naifungua, inazunguka tu. Nikasema bando limekata, nikaongeza. Bado inazunguka. Wiki ikapita, namba yao ya huduma kwa wateja haipokelewi, na programu haikufunguka tena mpaka leo. Ndani yake kulikuwa na watu 31 ninaowadai, jumla shilingi 940,000.

Nikaanza kukumbuka kwa kichwa na kwa meseji za miamala. Waungwana walilipa wenyewe bila kusukumwa. Wengine walikaa kimya na mimi sikuwa na cha kuwaonyesha. Nilipata 560,000, iliyobaki ikaenda na maji. Lakini kilichoniuma zaidi hakikuwa hela. Kuna mwalimu mmoja, mteja wangu tangu zile shuka sita za mwanzo. Nilimpigia.

"Shikamoo mwalimu. Samahani, nakumbushia ile elfu arobaini ya mashuka."

Akakaa kimya kidogo. "Marahaba mwanangu. Ile hela nilikupa mkononi mwezi wa tatu, hapo hapo nje kwako. Mama wa vitumbua alikuwepo."

Nilimuuliza mama wa vitumbua, akakumbuka mpaka rangi ya shuka. Nilimfuata mwalimu shuleni kwake kumwomba radhi, akanipokea vizuri kabisa, akaniagizia na soda. Ila ulipita mwaka mzima ndipo akarudi kununua, na alipokuja alilipa taslimu, akasimama pale akisubiri nimwandikie risiti. Zamani hakuwahi kuniomba risiti.

Kwa hiyo siku hizi kila programu inafanya mtihani kwanza. Naingiza bidhaa kumi na madeni mawili ya kujaribia, siyo ya kweli. Halafu natafuta sehemu ya kutolea taarifa zangu nje kama faili. Nikilipata lile faili najitumia kwenye barua pepe, nalifungua kwenye simu ya mdogo wangu ambayo haina hiyo programu. Likisomeka, tunaendelea kuongea. Lisiposomeka, au wakiniambia kutoa taarifa mpaka nilipie kifurushi cha juu, naifuta hapo hapo hata kama ni nzuri vipi. Taarifa za biashara yako zikishaingia mahali pasipo na mlango wa kutokea, wewe siyo mwenye nazo tena.

Angalia pia inaomba ruhusa gani. Programu ya kuhesabu mashuka inataka kusoma meseji zangu na majina yote niliyohifadhi, ya nini? Mnakumbuka Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yaliyokuwa yanafanya kazi bila kibali. Watu walikuwa wanadhalilishwa mpaka kwa wakwe kwa sababu walikubali namba zote za kwenye simu zisomwe. Na namba za wateja siyo mali yako ya kugawa. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na haijasema wenye fremu ndogo wapite pembeni.

Sasa madeni nayaweka wapi? Mchana naandika kwenye kaunta buku, papo kwa papo, mteja akiwa bado amesimama. Usiku nikishafunga nahamishia kwenye jedwali la Google kwenye simu. Safu tano tu: tarehe, jina, bidhaa, kiasi, imelipwa. Ukiliwekea lifanye kazi bila intaneti utaandika hata mtandao ukiwa umekata, ukirudi linajisawazisha lenyewe. Kila Jumapili napakua nakala. Kazi yote ni dakika kumi na tano kwa siku, na nikiibiwa simu leo, kesho madeni yangu nayasoma kwenye simu ya jirani.

Msione ni woga wa kizamani. Tarehe 4 Oktoba 2021 WhatsApp, Instagram na Facebook zilizima zote kwa pamoja karibu saa sita, dunia nzima. Mei 2024 nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari zikapata hitilafu, huku kwetu na Kenya mtandao ukawa wa kusuasua siku kadhaa. Nilikuwa na mizigo minne inasubiri uthibitisho. Nilifungua daftari, nikawapigia wateja simu ya kawaida, mizigo ikapanda basi. Jirani yangu ambaye wateja wake wote wako kwenye ukurasa wa Instagram tu, bila namba hata moja pembeni, alikaa anaangalia simu.

Tuje WhatsApp ya biashara. Ni bure, na kama utaanza na kitu kimoja anza na hicho. Mimi nilihamia baada ya kuhesabu kwenye daftari nikakuta kwa siku najibu "6x6 bei gani?" zaidi ya mara ishirini. Nikaweka katalogi: picha, saizi, bei. Nikatengeneza majibu ya haraka matatu: bei za mashuka, namna ya kupima dirisha la pazia, na utaratibu wa kutuma kwa basi. Nikaweka lebo, "ameagiza", "amelipa", "mzigo umetoka". Hizo lebo tatu ziliondoa ule ugonjwa wa kutuma mzigo mmoja mara mbili. Jamani, na bei andikeni. Hii tabia ya "bei inbox" inachosha wateja, na sisi wenyewe inatuchosha.

Ujumbe wa kutangaza kwa wengi unafika watu 256 kwa orodha moja, na unamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako. Ndiyo maana mteja akipokea mzigo namwomba asevu namba yangu. Kumwingiza mtu kwenye grupu bila kumuuliza sifanyi, ni sawa na kumvuta mtu mkono sokoni.

Halafu ulinzi. Hapa usiharakishe, soma taratibu. Washa uthibitisho wa hatua mbili, ile namba ya siri ya tarakimu sita unayoichagua mwenyewe. Mtu akikupigia au kukuandikia "samahani, kuna namba sita zimekuja kwako kwa bahati mbaya, naomba unitumie", hizo ndizo funguo za akaunti yako. Ukimpa, baada ya dakika chache anaomba hela kwa wateja wako kwa jina lako. Pia jiulize laini ya biashara imesajiliwa kwa jina la nani. Piga *106# uangalie. Wengi wetu tulianza na laini ya shemeji au ya aliyekuwa mchumba. Simu ikiibiwa, mwenye uwezo wa kuirudisha ile laini ni aliyesajiliwa kwa alama zake za vidole, na kama mmegombana, basi, umeanza upya.

Lipa namba nilifungua kwa sababu ya aibu moja. Hela ya duka na hela yangu zilikaa kwenye laini moja, nikawa nanunulia unga mtaji. Sasa za duka zinaingia peke yake na usiku nalinganisha na daftari. Mteja akikuonyesha meseji ya muamala kwenye simu yake, mwambie asante, kisha angalia salio lako mwenyewe. Meseji inatengenezwa na mtu yeyote. Usione haya kumsubirisha dakika mbili, mteja wa kweli hakasiriki.

Matangazo ya kulipia nitawaambia kwa namba zangu mwenyewe. Mara ya kwanza nililipa 50,000 kwa siku saba. Meseji 64! Nilijiona nimefika. Waliouliza bei na kupotea walikuwa 58, walionunua sita. Faida yangu kwa seti ni 7,000, kwa hiyo 42,000. Nimepoteza elfu nane na usingizi juu. Mara ya pili hela ile ile, lakini nikaandika bei, saizi, na gharama ya basi juu ya picha. Meseji zikashuka mpaka 30, walionunua 11. Faida 77,000, ukitoa tangazo inabaki 27,000. Ningeangalia wingi wa meseji tu ningesema tangazo la kwanza ndilo bora. Na usikope kulipia tangazo. Kama hiyo elfu hamsini ikipotea mzigo ujao hautanunulika, bado siyo wakati wake.

Kuna na hizi programu za akili mnemba. Kuniandikia maelezo ya bidhaa inanisaidia, ingawa kila mara nafuta yale maneno ya "ndoto yako ya kifahari", sisi tunauza shuka. Lakini picha niliachana nayo. Niliipa picha ya shuka la rangi ya maziwa ikaling'arisha, ikaweka na kitanda cha hoteli. Mteja wa Dodoma alipofungua mzigo akasema, "Dada, hili siyo nililoliona." Alikuwa na haki. Nauli ya basi kwenda na kurudi nililipa mimi, na hela yake nikarudisha. Sasa napiga picha mlangoni saa nne asubuhi, mwanga wa jua la kawaida, na shuka moja nalikunja ili mtu aone unene wake.

Simu yenyewe, mmeniuliza sana, sijabadilisha. Ina miaka mitatu. Nilibadilisha betri kwa fundi na kufuta programu nilizokuwa sigusi, ikawa nyepesi. Ile hela ya simu mpya ilinunua jora moja la pazia.

Mwezi huu najaribu kitu kipya, kuuza mubashara TikTok kila Jumanne saa mbili usiku. Nimekifungulia ukurasa wake nyuma ya daftari: bando, muda niliokaa, oda zilizolipwa. Sijaandika idadi ya waliotazama wala mioyo waliyorusha. Jumanne mbili zimepita, bando elfu sita, saa tatu za kuongea mpaka koo kukauka, oda tatu. Zimebaki Jumanne mbili. Ya nne ikiisha nitapiga hesabu usiku huo huo kabla sijalala, na kama haijalipa bando na muda wangu, saa mbili usiku narudi kupika.