Fahamu: Kwa nini muuguzi anataka kumwona mzazi kabla ya arubaini

Katika nyumba nyingi za Mji wa Kale, Mombasa, mzazi hukaa ndani siku 40. Hukandwa kwa maji moto, hupikiwa uji wa pilipili manga, na mamake au shangazi humshikia mtoto ili alale. Ni malezi mema, na yafaa yaendelee.

Shida ni kalenda. Shirika la Afya Duniani linataka mama na mtoto waangaliwe ndani ya saa 24 za kwanza, tena kati ya saa 48 na 72, kisha siku ya 7 hadi 14, na wiki ya 6. Miadi mitatu ya mwanzo yaangukia ndani ya arubaini, na ndiyo mizito. Damu nyingi humtoka mzazi hasa saa za mwanzo. Presha yaweza kupanda hata kwa aliyebeba mimba salama. Homa ya uzazi huja siku chache baadaye. Mtoto naye huonyesha macho ya manjano, hukataa kunyonya, hupumua mbio, au kitovu hutoa usaha. Hapo hakuna kungoja: ni hospitali ya Coast General, papo hapo kisiwani, hata usiku wa manane.

Malipo? Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) imechukua nafasi ya bima ya NHIF, na mpango wa uzazi wa Linda Mama ukawa Linda Jamii. Jisajilini mimba ikiwa changa.

Ama chanjo za mtoto za wiki 6, hizo hazigongani na arubaini: huangukia siku ya 42, arubaini ikishatoka.