Msimu wa 3 wa Star Trek: Mafani Waliuchapa Sana, Kumbe Ndio Uliiokoa Shoo

Tuseme uko kwa kibanda cha video pale Kondele na wasee wameanza ile bishano ya kila wiki: ni shoo gani iliharibika mwisho vibaya kuliko zote? Lazima mmoja ataje Game of Thrones, juu uchungu ya 2019 bado haijaisha. Mwingine atataja series ya Kikorea. Star Trek hakuna mtu ataitaja. Hiyo ni ya mababu.

Lakini omera, hii tabia ya mafani kuokoa shoo halafu kuitusi hiyo hiyo shoo haikuanza na sisi. Star Trek ilipitia hiyo ngori zaidi ya miaka 50 iliyopita. Na msimu wake wa 3, wenye wazee wa hiyo shoo bado huuchapa, una vitu tatu ambazo mtu wa Kisumu anafaa kuzijua. Tulia nikuchanulie.

Kwanza, inakuhusu na nini?

Star Trek ilianza Septemba 1966 kwa stesheni ya NBC huko Marekani. Stori ni ya meli ya angani inaitwa Enterprise. Kapteni ni Kirk, msaidizi wake ni Spock, yule wa masikio zimechongoka. Halafu kwa mitambo ya mawasiliano ameketi dada mweusi anaitwa Luteni Uhura.

Hilo jina halikuanguka tu. Nichelle Nichols, mwigizaji mwenyewe, alisimulia kwamba siku ya kujaribiwa alikuwa amebeba riwaya inaitwa Uhuru, ya Mmarekani Robert Ruark. Kitabu kilitoka 1962 na stori yake iko hapa Kenya. Gene Roddenberry, mwenye alibuni shoo, akalipenda hilo neno. Wakalainisha herufi ya mwisho, likawa Uhura.

Na si jina tu. Ndani ya shoo, lugha ya nyumbani ya Uhura ni Kiswahili. Kuna episodi ya msimu wa 2 inaitwa "The Changeling", mtambo fulani unafuta kila kitu kwa akili yake. Anaanza kufundishwa kusoma upya, na Kiingereza kikimkwamisha anarukia Kiswahili. Hiyo ilionyeshwa Septemba 1967. Kenya yetu haikuwa hata imemaliza miaka minne tangu bendera ipande.

Kwa hivyo ukisikia msee akisema sayansi za angani ni vitu za wazungu, mwambie tulikuwa ndani ya hiyo meli tangu siku ya kwanza.

Mafani waliandika barua hadi NBC ikawaomba wawache

Kufika mwisho wa 1967, fununu zikaanza kuzunguka: NBC inataka kuzima shoo. Watazamaji hawakuwa wanatosha.

Bibi na bwana mafani, Bjo na John Trimble, wakaanzisha kampeni. Hakukuwa na hashtegi, hakukuwa na simu ya kubonyeza. Unanunua stempu, unaandika barua kwa mkono, unaambia mabeshte zako nao waandike. NBC yenyewe ilikubali kwamba ilipokea barua zaidi ya laki moja. Wanafunzi wa chuo cha Caltech waliandamana hadi kwa ofisi za stesheni kule Burbank, California.

Tarehe 1 Machi 1968, episodi ya wiki hiyo ikiisha, NBC ilitangaza hewani: shoo itarudi, tafadhali wacheni kuandika. Unadhani waliwacha? Wakaandika tena, sasa za kusema asante.

Walishinda, halafu wakapewa Ijumaa saa nne usiku

Hapa ndipo ngoma iligeuka. Shoo ilikuwa imeahidiwa Jumatatu, mapema jioni. Mwishowe ikasukumwa Ijumaa saa nne usiku.

Fikiria hiyo vizuri. Mafani wa Star Trek walikuwa vijana, wengi wa vyuo. Ijumaa saa nne wewe huwa wapi? Uko Dunga na sahani ya samaki, ama uko mahali ohangla inapigwa. Hauko nyumbani umekodolea televisheni. Na enzi hizo hakukuwa na kurekodi wala kucheki baadaye. Ukikosa, umekosa. Stesheni inahesabu vichwa, vichwa havipo, watangazaji wa biashara wanaondoka.

Roddenberry aliona hiyo saa akakasirika. Alibaki na cheo, lakini mambo ya kila siku akaachia produsa mpya, Fred Freiberger. Dorothy Fontana, mwenye alikuwa anashikilia mambo ya hadithi, naye akatoka kwa hicho kiti. Juu ya hayo yote, bajeti ikakatwa.

Na ukiangalia utaona hiyo njaa ya pesa. Kwa "Spectre of the Gun" kuna mji mzima wa macowboy ambao majumba yake ni ukuta wa mbele peke yake, nyuma hakuna kitu.

Ubongo wa Spock umeibiwa

Msimu wa 3 ulifunguliwa tarehe 20 Septemba 1968 na episodi inaitwa "Spock's Brain". Skiza stori. Mwanamke anatokea ndani ya meli, anawazimisha wote, anaiba ubongo wa Spock. Si kumteka Spock. Ubongo tu. Wenzake wanauwekea mwili rimoti, wanatembea nao kama kigari cha mtoto kwenda kutafuta ubongo. Mwisho daktari anaurudisha, na kazi ikiwa katikati Spock anaanza kumwelekeza vile atamshona.

Hata hujacheki na ushaanza kucheka. Mafani walioandika barua hadi vidole vikauma walikaa chini Ijumaa usiku wakaletewa hiyo. Leonard Nimoy, Spock mwenyewe, aliandika baadaye kwamba aliona aibu wakati wote walikuwa wanaipiga. Hadi leo watu wakipanga episodi kutoka nzuri hadi mbovu, hiyo hukaa karibu na mkia. Wanaifuatisha na "The Way to Eden", ambapo mahipi wa angani wanaimba na kucheza gita ndani ya meli.

Lawama zote zikamwangukia Freiberger. Huyu msee alikuwa mwanajeshi wa ndege Vita vya Pili vya Dunia, akaangushwa Ujerumani, na yeye ni Myahudi. Alikaa kifungoni miaka miwili. Baadaye alikuwa akisema kwamba kifungo cha Wajerumani kilikuwa cha miaka miwili, lakini cha Star Trek kilimfuata miongo. Nichols alimtetea: alisema Freiberger alifanya yote angeweza na kile kidogo alipewa.

Shoo ikazimwa. Episodi ya mwisho ilionyeshwa tarehe 3 Juni 1969.

Sasa nikupe zile vitu tatu.

1. Ile kisi

Tarehe 22 Novemba 1968, kwa "Plato's Stepchildren", Kirk anamkisi Uhura. Mzungu na mweusi, kwa televisheni ya Marekani. Watu husema ilikuwa ya kwanza kabisa. Hiyo si kweli, kulikuwa na zingine kabla yake. Lakini hii ndiyo watu walishika. Ni mwaka mmoja tu ulikuwa umepita tangu mahakama kuu ya Marekani ifute sheria za majimbo zilizokataza weusi na wazungu kuoana.

Madosi waliogopa stesheni za kusini zingekataa episodi. Wakataka ipigwe pia bila kisi. Nichols alisimulia vile yeye na William Shatner waliharibu hizo zingine makusudi, Shatner akigeuza macho makengeza mbele ya kamera, hadi ikabidi kisi itumike. Alisema pia barua zilizokuja zilikuwa nyingi, na karibu zote nzuri.

Kuna mafani hawaipendi hata hivyo, na wako na pointi. Kwa stori, Kirk na Uhura hawajachagua kukisiana. Kuna watu wenye nguvu za akili wanawalazimisha. Yaani hata shoo yenye ujasiri iliogopa kusema hawa wawili wanapendana tu.

Na kumbuka Nichols nusura asiwe hapo. Baada ya msimu wa kwanza alitaka kuacha aende kuigiza jukwaani New York. Anasema alikutana na Martin Luther King kwa sherehe, King akamwambia yeye ni fani, na akamkataza kuondoka. Akabaki.

2. Wale wasee wawili, nusu nyeusi nusu nyeupe

Hii ndiyo nataka uicheki zaidi. "Let That Be Your Last Battlefield" ilionyeshwa tarehe 10 Januari 1969. Wageni wawili wanaingia kwa meli, Bele na Lokai. Uso wa kila mmoja umegawanywa katikati, nusu nyeusi, nusu nyeupe. Wanachukiana, mmoja amemfukuza mwenzake miaka 50,000. Kirk haelewi. Anawaona wanafanana. Bele anamshangaa: kwani huoni? Mimi ni mweusi upande wa kulia. Yeye ni mweusi upande wa kushoto.

Wanafika kwao na kumbe sayari nzima imekwisha. Watu wote wamemalizana. Wamebaki hao wawili. Na bado wanaendelea kufukuzana.

Wakosoaji wengi husema hii ni mahubiri, somo limewekwa wazi sana hadi linachosha. Sawa. Lakini sisi tunaitazama tukiwa wapi? Mgeni akishuka leo pale stendi ya Kisumu hawezi kujua kwa sura nani ni wa wapi. Anangoja asikie jina la mwisho. Na mwishoni mwa 2007 na mwanzo wa 2008, hilo jina la mwisho ndilo watu waliulizwa kabla nyumba kuchomwa. Kuna familia zilitoka hapa mjini na hazikurudi. Kuna zingine zilikuja hapa zikikimbia kwingine.

Halafu angalia mwaka. Episodi ni ya Januari 1969. Tarehe 5 Julai, Tom Mboya akapigwa risasi Nairobi. Kaburi lake liko Rusinga, unaweza kwenda kuliona. Tarehe 25 Oktoba, Rais Kenyatta alikuja Kisumu kufungua ile hospitali tunaita Russia, kukazuka vurugu, na vikosi vya usalama vikafyatulia umati risasi. Watu walikufa. Uliza mzee yeyote wa hapa, atakuambia alikuwa wapi siku hiyo.

Mwenye aliandika hiyo episodi alikuwa anafikiria weusi na wazungu wa Marekani. Lakini mkosoaji akisema somo ni rahisi sana, mimi najiuliza: kama ni rahisi hivyo, mbona bado hatujalishika?

3. Hesabu ya 79

Mwisho ni hesabu tu, lakini ndiyo ilibadilisha kila kitu. Msimu wa 1 ulikuwa na episodi 29. Wa 2, 26. Jumla 55. Msimu wa 3 ukaongeza 24, ikawa 79.

Stesheni ndogo za Marekani zilikuwa zinanunua shoo za zamani ziwe zinaonyeshwa kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa. Kwa hiyo biashara unahitaji episodi nyingi, la sivyo unarudia haraka na watu wanachoka. Na 55 zilikuwa chache. Na 79, zikauzika. Ghafla Star Trek ikatoka kwa Ijumaa saa nne usiku ikawa ya jioni, watoto wakitoka shule. Januari 1972 mafani waliitana mkutano New York. Walitarajia mamia, wakaja maelfu. Kufika 1979 kulikuwa na filamu ya sinema, na haijawahi kusimama tangu hapo.

Kati ya watoto walioitazama Star Trek kulikuwa na Mae Jemison. Mwaka wa 1992 alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza wa Marekani kufika angani, na amesema wazi Uhura alimchochea.

Kwa hivyo zile barua laki moja hazikuleta msimu mzuri. Zilileta msimu wa kutosha. Bila ubongo wa Spock na wale mahipi, pengine leo hakuna mtu angejua jina la Uhura.

Februari 2018 watu walijipanga hapa Kisumu kucheki Black Panther, wamevalia kama harusi, juu msichana wa kwetu, Lupita Nyong'o, alikuwa ndani. Wengi walitoka wakisema hawajawahi kujiona hivyo kwa filamu ya mambo ya mbele. Mlango wa hiyo filamu ulifunguliwa na watu kama Nichols, kwa kiti cha mawasiliano, akiwa na jina la Kiswahili.

Kama uko na masaa tatu wikendi hii, anza na "Let That Be Your Last Battlefield". Fuatisha "Plato's Stepchildren". Halafu maliza na "Spock's Brain" mkiwa mbogi, juu hiyo haifai kuangaliwa peke yako. Na ukirudi kwa kibanda Ijumaa, wasee wakianza kutukana msimu wa mwisho wa shoo yao, waulize swali moja tu: bila huo msimu, shoo yenu ingekuwa wapi?