Mwenzi Wako Anarudi Chuo. Atalala Wapi?

Siku hizi ukikaa na wanandoa vijana jioni, hazipiti dakika kumi kabla mmoja wao hajasema, "Nataka nirudi shule." Masta imekuwa kama kiwanja: kila mtu anayo au yuko mbioni kuitafuta. Tunaulizana ada kiasi gani, kozi ipi ina soko, chuo kipi hakisumbui. Habari ya kitanda hakuna anayeigusa. Mimi nasema mngeanza na hiyo, tena muulizane wawili tu, chumbani kwenu, kabla hata fomu haijajazwa. Nimeona ndoa zikitikisika kwa ajili ya masta, na chanzo hakikuwa masomo, wala hao wanaume wa Dar ambao watu wanapenda kuwasingizia. Ilikuwa pahala pa kulala.

Nimchukue wifi yangu. Ameniruhusu niandike, ilimradi nisimtaje jina. Yeye na kaka ni walimu Mpitimbi, Songea vijijini, kwenye barabara inayoelekea Mkenda mpakani na Msumbiji. Wana nyumba yao, watoto wawili na ekari kadhaa za mahindi. Mwaka juzi alipata nafasi ya kusoma uzamili Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwajiri akampa ruhusa ya masomo, mshahara ukaendelea kuingia. Ukisikia hivyo unaona mambo shwari kabisa.

Sasa piga hesabu kama mtu wa Songea. Chuo kinafunguliwa Oktoba au Novemba. Kwetu mvua ni za msimu mmoja tu, zinaanza mwishoni mwa mwaka, kwa hiyo ikifika Novemba pesa yote imeshaingia shambani: mbegu, mbolea, vibarua. Mahindi ya kuuza yalishakwenda tangu Julai na Agosti, mengine kwa wafanyabiashara, mengine NFRA. Ndiyo kusema ada, nauli ya zaidi ya kilomita 900 na kodi ya chumba vinabisha hodi mwezi ule ule ambao mfuko wa mkulima umetoboka. Mtu wa mjini anayelipwa tarehe 25 kila mwezi halijui hili.

Wifi alikuwa na matumaini na hosteli za chuo. Si unajua sifa zake? Zile hosteli za Magufuli pale Mlimani zilizofunguliwa Aprili 2017, majengo 20 ya ghorofa, nafasi 3,840. Zilipofunguliwa, mwanafunzi alitakiwa kulipa shilingi 500 kwa siku. Hiyo ni kama 15,000 kwa mwezi, bei ambayo huwezi kupata hata stoo ya kuwekea baiskeli Sinza. Lakini vitanda 3,840 kwenye chuo chenye makumi ya maelfu ya wanafunzi ni sawa na sahani moja ya ubwabwa kwenye msiba. Zipo na hosteli nyingine za chuo nje ya Mlimani, kama Mabibo, Kijitonyama na Ubungo, nazo zinagombaniwa. Mtu mzima mwenye mshahara hawezi kutegemea kwamba atatangulia mbele ya mtoto wa mwaka wa kwanza aliyetoka mkoani na begi moja. Na mimi sioni ubaya, yule mtoto ana shida zaidi.

Basi wifi akabebwa. Kwa wasiojua lugha ya chuo, kubebana ni kulala kwenye kitanda cha mwenzako aliyepata nafasi, wawili kwenye godoro la futi mbili na nusu. Aliyembeba alikuwa binti wa miaka 21, mwanafunzi wake wa zamani. Fikiria: mwalimu aliyekuwa anamwambia binti "piga magoti" sasa anamuomba asogee kidogo.

Hapo ndipo ndoa ilipoanza kulia. Kaka alikuwa anapiga simu saa tatu usiku, watoto wakishalala. Nyuma ya sauti ya mkewe anasikia muziki, vicheko, mtu anauliza nani kachukua ndoo yake.

"Uko wapi?"

"Niko chumbani."

"Chumbani gani kuna disko?"

Wifi akawa anatoka nje kuongea, gizani karibu na vimbweta, zile meza za zege wanazosomea wanafunzi. Kaka naye akataka kujua kwa nini siku hizi anaongelea nje. Wiki ya tatu simu zikawa za dakika mbili: watoto hawajambo, mbolea imefika, lala salama. Ugomvi haukuwepo, ila maneno yalikuwa yameisha. Nilimpigia kaka mwenyewe nikamweleza mkewe analala vipi. Alikaa kimya, kisha akasema alidhani "hosteli" ni kama gesti, kila mtu na mlango wake. Alisoma ualimu chuo chenye mabweni miaka mingi iliyopita, lakini hakuwahi kumweka mkewe kwenye picha ile.

Januari akauza nguruwe wawili na wifi akahamia Changanyikeni, nyuma tu ya chuo, mahali unapoweza kwenda darasani kwa mguu. Chumba kimoja, choo cha kushirikiana, 80,000 kwa mwezi. Usiipende haraka hiyo namba. Mwenye nyumba alitaka miezi sita, yaani 480,000 taslimu, na dalali akachukua kodi ya mwezi mmoja kama ilivyo desturi ya Dar. Tayari ni 560,000 kabla hujanunua godoro, feni na jiko la gesi. Luku ilikuwa moja kwa wapangaji watano, na mmoja ana pasi ambayo haizimwi. Kama unatafuta chumba, uliza habari ya luku na maji kabla ya kuuliza rangi ya ukuta.

Bado nasema ile 560,000 ilikuwa pesa nzuri kuliko zote walizotumia kwenye masta ile. Mlango ulifungwa, simu zikarudi kuwa ndefu. Pasaka kaka alipanda basi, akapitia Njombe na Makambako mpaka Dar, akalala pale siku nne. Kwenye hosteli ya wasichana mume halali, uwe na cheti cha ndoa au usiwe nacho. Alimsindikiza mkewe mpaka maktaba mpya, ile iliyofunguliwa Novemba 2018 inayoingiza wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja, akaona mwenyewe anapopotelea mpaka usiku. Wifi anasema tangu siku ile hajaulizwa tena "uko wapi". Kaka sasa anajua palivyo.

Wanandoa wa Dar msicheke, yenu nayo ipo. Mmoja akisoma programu ya jioni na mnaishi Mbagala au Chanika, anatoka kazini kwenda darasani, anafika nyumbani mwenzake kaishalala na chakula kimepoa. Kitanda mnacho, mnakilalia kwa zamu. Rafiki yangu mmoja na mumewe waliamua kupanga chumba na sebule Makongo kwa mwaka mmoja, wakapangisha nyumba yao wenyewe. Ndugu wakawasema sana. Mwaka ukaisha, wakarudi kwao.

Na wale wenye ndoto za nje? Vyuo vingi vya Marekani vina nyumba za wanafunzi wenye familia. Chuo Kikuu cha Wisconsin kule Madison kina mtaa mzima unaoitwa Eagle Heights, kando ya Ziwa Mendota, una hadi bustani za kulima mboga. Inavutia, lakini tazama viza. Mke au mume anayemfuata mwanafunzi mwenye viza ya F-1 anapewa F-2, na F-2 hairuhusu kufanya kazi. Mhasibu wa benki kutoka Posta anakuwa mtu wa kungoja mwenzake arudi darasani, kwenye baridi ya theluji. Mliongee hilo mkiwa bado Dar.

Kuna njia ambayo wengi wanaidharau bila sababu. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina vituo mikoani, na Songea kipo. Kutoka Mpitimbi unakwenda na kurudi, unalala kwako. Kinataka moyo, maana hakuna wa kukusukuma, na mtu mwenye watoto wadogo anajua saa za kusoma zinavyoliwa. Wifi alikifikiria, akaona kozi yake anaitaka Mlimani. Sawa. Ila wengine wanakikataa kwa sababu ya picha ya mahafali tu, jamani.

Jambo moja lingewaokolea hela kama wangelijua mapema. Uzamili wa kozi na tasnifu hauhitaji ukae chuoni muda wote. Ukimaliza mitihani ya kozi inabaki tasnifu, na data unaweza kuikusanya nyumbani ukichagua mada vizuri. Wifi alichagua shule za msingi za Songea vijijini. Mwezi Julai alirudi Mpitimbi huku kodi ya nusu mwaka wa pili ikiwa imebaki miezi sita kasoro siku chache. Mwenye nyumba alisema kodi hairudishwi. Ufunguo ukachukuliwa na mwalimu mwingine anayeanza masomo, aliyemlipa wifi kidogo kidogo.

Meza ya chakula ya kaka sasa imejaa madodoso, watoto wanakulia mkekani. Juzi kanipigia, anasema wifi yako ameanza kutaja uzamivu. Nikamuuliza kama wameshaongea habari ya chumba. Akasema ndiyo wanayoiongea, cha watu wanne.