Kusahau Ukiwa na Miaka 45: Je, ni Sindano ya Kupanga Uzazi?

Baadhi ya wanawake waliopita miaka 40 wanaotumia sindano, vidonge au kipandikizi hulaumu njia hizo wanapoanza kusahau. Mara nyingi chanzo ni kingine. Hedhi inapokaribia kukoma, homoni ya estrojeni hupanda na kushuka. Joto la ghafla usiku hukatiza usingizi, na akili iliyochoka husahau. Msongo wa mawazo, upungufu wa damu na maradhi ya tezi ya shingo pia huchangia.

Usiache njia yako kabla ya kumwona muuguzi: bado unaweza kushika mimba. Sindano huweza kusimamisha hedhi, hivyo kukosa hedhi pekee hakuthibitishi kwamba uzazi umekoma. Fika kituo cha afya kilicho karibu upimwe. Ikihitajika, utabadilishiwa njia. Anayepotea njia anayoijua asisubiri.