Ali Aliyeitwa Bey

Katika khabari za pwani yetu za karne ya kumi na sita hutajwa amiri mmoja wa dola ya Uthmani, aliyepokewa Mombasa kwa bashasha kwa kuwa alikuja kuwapinga Wareno, na ambaye mwaka 1589, akiwa amebanwa baina ya Wazimba waliokuwa bara na merikebu zilizotoka Goa, alikamatwa akapelekwa Lisbon. Wareno walimwandika Mirale Beque. Jina hilo, likirudishwa katika asili yake, ni Amir Ali Bey: maneno mawili ya Kiarabu, na la tatu la Kituruki.

Ali halina haja ya sherehe mbele ya msomaji wa Kiswahili. Bey ndilo lenye safari ndefu, maana umbo lake kongwe, beg, limechongwa katika mawe ya bonde la Orkhon, nchini Mongolia, tangu karne ya nane, zama ambazo Waturuki wa huko walikuwa hawajasilimu, nalo lilikuwa cheo cha wakuu waliokuwa chini ya khakani, yaani mfalme wao mkuu. Kama walilipata kwa Wachina au kwa Waajemi, wanazuoni wangali wakijadiliana.

Waturuki walipoingia katika Uislamu walipokea majina ya dini kwa ridhaa, lakini ya utawala hawakuyatupa. Satuk Bughra Khan wa Kashgar, katika karne ya kumi, alijiita Abdulkarim, na bado akabaki Bughra, ambayo maana yake ni ngamia dume. Na Tughril Beg, sultani wa Kituruki aliyeingia Baghdad mwaka 1055 na kutambuliwa na khalifa, hakuona aibu kusimama mbele ya kiti cha Bani Abbasi kwa jina la ndege mwindaji na cheo cha mababu zake. Kwangu mimi hayo ni mapatano ya watu wenye akili: dini iliwapa jina, na enzi ikabaki na lakabu yake.

Hata mpango wa maneno ni ushahidi. Mwarabu, kama Mswahili asemapo Mwinyi Ali, hutanguliza cheo. Mturuki hukifuatisha nyuma. Amiri wetu, basi, alikuwa na ukubwa mbele na ukubwa nyuma, na Ali wa watu yuko katikati.

Uturuki ilifuta vyeo hivyo kwa sheria ya mwaka 1934, lakini bey likaendelea kuwa neno la adabu, kama bwana kwetu. Huko Asia ya Kati liligandana na jina lenyewe, wakapatikana kina Alibek, Nurbek na Kurmanbek, ambamo nuru na kurbani hazijifichi. Kisha Warusi walipotawala wakabandika -ov yao, akazaliwa Alibekov, mtu wa lugha tatu. Tangu dola ya Kisovieti ilipovunjika mwaka 1991, wako Wakazakhi na Wakirgizi walioikata ile -ov katika hati zao, lakini bek wakaibakisha.